Mtu wa Tano

Mwanangu Felix alikigeuza kioo cha ndani cha gari kikatazama dari, kisha akaniambia nikae mbele.

"Utaendeshaje bila kuona nyuma?" nilimwuliza.

"Kuna vioo vya pembeni, Baba."

"Na hicho wamekiweka cha nini? Pambo?"

Akawasha gari. Wote tuliokuwa ndani ya ile Noah ya kukodi tulijua kwa nini kimegeuzwa. Mke wake, Gwalugano, alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, kitenge kimemfunika kichwa mpaka kwenye nyusi, uso ameuelekeza dirishani. Kioo kingebaki mahali pake, macho yangu na yake yangeweza kukutana, na jambo hilo lilikuwa halijatokea tangu aolewe, miaka kumi na minne iliyopita.

Kwao Ileje, mke haonani na baba mkwe. Hakai naye chumba kimoja, hakatizi mbele yake, hasemi naye. Wakija kunitembelea, nikiingia sebuleni, yeye ameshatoka kwa mlango wa jikoni. Nikikaa barazani, anazunguka nyumba nzima ili aingie. Chakula chake nimekila miaka yote hiyo, na ni chakula kizuri, lakini kililetwa na watoto. Sauti yake nilikuwa sijaisikia hata mara moja.

Sisi Wanyiha tulikuwa na desturi kama hiyo, ila katika ukoo wetu iliisha polepole. Mimi mwenyewe ni mtu niliyejisomesha. Mchana nilibeba magunia kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, jioni nikaenda darasa la watu wazima na daftari langu kwapani, mpaka nikawa msimamizi wa zamu na watu waliomaliza sekondari wakawa chini yangu. Kwa hiyo siku ya harusi ya Felix nilisimama mbele ya watu mia tatu nikatoa hotuba. Niliiandika kwa siku nne. Nilisema dunia inakwenda mbele, nikasema Gwalugano si mkwe bali ni binti yangu, na kwamba mambo ya kukimbiana nimeyafuta rasmi katika nyumba yangu kuanzia saa ile. Watu walipiga makofi, na mchungaji alinishika mkono.

Kesho yake asubuhi nilimkuta kisimani. Aliacha ndoo akakimbilia kwenye mahindi.

Nilivumilia, maana mimi nilikaa Mlowo na wao Mpemba. Lakini mke wangu Ketrina alifariki miaka mitatu iliyopita, na mwezi wa pili mwaka huu nilianguka jikoni nikalala sakafuni tangu asubuhi mpaka saa tisa mchana, jirani alipokuja kuazima chungio. Daktari alisema nisikae tena peke yangu. Nyumba ya Felix ina ukumbi mmoja mwembamba, choo kimoja na mlango mmoja wa kuingilia. Mtu na mkwe wake hawawezi kukaa mle bila kukutana, labda mmoja aote mabawa.

Felix akaja na mpango. Jumba la Chifu Kasyeto, kule milimani Ileje, limefunguliwa kwa wageni baada ya kufungwa miaka mingi. Tungekwenda wote.

"Siku moja tu, Baba. Tukiimaliza bila mtu kukimbia, mwezi ujao nakuja Mlowo kuchukua vitu vyako."

"Na tukishindwa?"

"Tutamwomba Raphaeli akuangalie."

Raphaeli ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Ana redio kubwa kuliko kabati na hana kitabu hata kimoja. Niseme hapa ukweli: nilitaka kukaa na wajukuu zangu. Pendo ana miaka kumi na tatu, Tumpale ana saba. Nilitaka kuwasikia wakigombania kijiko asubuhi.

Basi tukaondoka Mpemba, tukayaacha malori na foleni yao ya kwenda mpakani, tukashika lami ya Isongole. Nyuma yetu magari yalipiga honi kila mara, kwa kuwa dereva wetu hakuwa akiona.

"Felix, kuna lori."

"Nimeliona, Baba."

"Umeliona kwa kitu gani?"

Pendo alicheka kule nyuma. Nadhani na mama yake alicheka, lakini chini ya kitenge.

Jumba limejengwa juu ya kilima, limetazamana na milima ya Malawi. Lina nguzo kumi na mbili nyeupe kwa mbele, ngazi za mawe yaliyosuguliwa, na madirisha marefu kama ya kanisa. Chifu alilijenga miaka ya mwisho ya Waingereza, kahawa ikiwa na bei. Vyeo vya machifu vilipofutwa likawa ghala la mahindi, kisha likawa la popo. Sasa wajukuu zake wamelipaka rangi, wamerudisha vitu vilivyokuwa vimefichwa kwa ndugu, na wameajiri mtu wa kuwazungusha wageni.

Mtu huyo aliitwa Aliko. Alikuwa na tai nyekundu na fimbo nyembamba ya kuonyeshea. Kabla ya kutusalimia alitupa kila mmoja mifuko miwili ya plastiki.

"Ya nini?" niliuliza.

"Mnavaa juu ya viatu, mzee. Sakafu hii ni marumaru."

Viatu vyangu nilivipiga rangi tangu jana yake jioni. Nilivitazama vikiingia kwenye mifuko kama samaki wa sokoni.

"Sheria za jumba," Aliko alisema. "Hatugusi. Hatukai kwenye viti. Hatuvuki chumba mpaka wote tuwe ndani, halafu nafunga mlango nyuma yetu. Mwaka jana kuna mgeni alibaki nyuma, tukamkuta anaoga kwenye bafu la chifu."

Ukumbi wa kwanza ulikuwa na taa kubwa ya vigae vya kioo iliyoning'inia kama mvua iliyosimama hewani. Nilikuwa nimeanza kuitazama, pale Aliko alipoanza kuhesabu kwa fimbo.

"Mmoja, wawili, watatu, wanne. Wa tano yuko wapi?"

Wa tano alikuwa nje, nyuma ya nguzo. Ncha ya kitenge ilionekana.

"Mama, karibu ndani!" Aliko aliita.

Kitenge kikajivuta ndani zaidi.

"Anakuja," Felix alisema. "Nyinyi tangulieni chumba cha pili, yeye ataingia hiki."

"Haiwezekani, kaka. Nimeshasema sheria."

"Ni mkwe wa Babu," Pendo alieleza, akanionyesha kwa kidole kana kwamba mimi ni sehemu ya maonyesho.

Aliko ni kijana wa huku huku, alielewa mara moja, lakini hakubadilisha sheria. Alikuna kichwa kwa fimbo. "Basi mzee asimame pale kwenye kona, atazame ukuta. Mama aingie apite nyuma yake."

Nikasimama kwenye kona, nimetazama ukuta, mtu wa miaka sabini na sita, kama mtoto aliyekosa hesabu. Nyuma yangu nilisikia mifuko ya plastiki ikikwaruza sakafu haraka haraka. "Watano," Aliko alisema. "Tunaendelea."

Hivyo ndivyo nilivyoliona jumba lile. Chumba cha kulia chakula kina meza ya watu arobaini. Mimi niliona ukuta wake, wa kijani. Chumba cha kulala kina kitanda chenye nguzo za mpingo na pazia la hariri, kwa maelezo ya Tumpale. Ukuta wake una ufa mdogo unaoanzia juu kushoto. Kuta za jumba lile nazijua kuliko mtu yeyote aliyewahi kuingia mle, pamoja na fundi aliyezipaka rangi.

Bafuni nilipewa nafasi ya kugeuka, kwa sababu Gwalugano alibaki kwenye kizingiti na Aliko alikubali kumhesabu akiwa pale.

"Beseni hili la kuogea," Aliko alisema, "ni dhahabu tupu."

"Ni shaba," nilisema.

"Dhahabu, mzee."

"Kijana, dhahabu haioti ukijani. Tazama pale kwenye tundu la maji. Shaba hiyo. Nimeisimamia mitambo ya kiwanda miaka ishirini na mbili."

"Mzee, wewe ni mgeni au mkaguzi?"

"Ningekuwa mkaguzi ungekuwa umeshaandikiwa barua."

Felix alinivuta mkono. "Baba, tafadhali. Tunakwenda vizuri."

Ni kweli tulikuwa tunakwenda vizuri, kwa namna ile ya kwetu. Tulikuwa tumevuka vyumba vinne bila mtu kukimbia. Nilianza kupiga hesabu ya vitabu vyangu vitaingiaje kwenye ule ukumbi mwembamba wa Mpemba.

Ndipo Aliko akafungua mlango wa chumba cha tano. "Na huu," alisema kwa sauti ya kutangaza, "ni Ukumbi wa Vioo!"

Kilikuwa chumba kirefu. Kushoto vioo, kulia vioo, kutoka sakafuni mpaka darini, na mwisho wake mlango nao umebandikwa kioo. Chifu alivileta vioo hivyo kwa treni na lori, vikiwa ndani ya maranda. Hapakuwa na ukuta. Nilitafuta kona ya kutazama nikajikuta najitazama mwenyewe, wazee wengi wenye mifuko miguuni, wote wamekasirika.

"Fumba macho, Babu," Tumpale alisema. "Mimi nitakushika mkono."

Nikafumba. Mtoto akanivuta. Nilisikia mifuko ya Gwalugano ikipita upande wa kulia, mbali, ikiwahi mlango wa mwisho. Tungefika. Tulikuwa tumebakiza hatua chache. Lakini katikati ya chumba kuna zulia, na zulia lina ncha iliyokunjamana, na mtu aliyeanguka jikoni mwezi wa pili haanguki mara ya pili akiwa amefumba macho kwa hiari yake. Nilipojikwaa niliyafumbua.

Alikuwa kila mahali. Kitenge kilikuwa kimemteleza mabegani kwa sababu ya haraka. Nilimwona mara kumi, mara ishirini, akirudi nyuma ndani ya vioo mpaka akawa mdogo kama kidole. Uso wake ulikuwa wa mtu mzima. Nilikuwa namkumbuka msichana wa harusini, na huyu alikuwa na mvi mbili tatu mbele na mistari ya kucheka pembeni mwa macho. Naye alinitazama. Hakukuwa na mahali pa kutazama ambapo mimi sipo.

Kisha akakimbia. Alirudi kwenye mlango tulioingilia, akaukuta umefungwa. Akakimbilia ule wa mwisho, nao Aliko alikuwa hajaufungua. Akasimama pale amejifunika uso kwa viganja, paji la uso limegusa kioo, na vioo vyote vikaonyesha wanawake waliojifunika.

"Mama anaumwa?" Aliko aliuliza.

Hapo nilichoka. "Mimi nilifuta jambo hili!" nilisema kwa sauti. "Nilifuta mbele ya watu mia tatu! Mchungaji yupo hai, muulizeni! Mtu amefunguliwa mlango miaka kumi na minne, hataki kutoka, halafu mimi ndiye natazama kuta! Kosa langu ni nini? Nimemtukana? Nimemnyima kitu?"

Felix aliniambia polepole, "Basi, Baba. Nimeona. Nitampigia Raphaeli jioni."

Tumpale aliniachia mkono. Yeye pia alikuwa ameahidiwa kwamba babu atahamia.

Aliko naye alikuwa amechoka na sisi. Alifungua mlango wa mwisho, akaivunja sheria yake mwenyewe. "Sikilizeni. Kwenda juu kuna ngazi mbili. Hii kubwa ya mbele, na ile nyembamba ya nyuma. Mama na watoto wapande ya nyuma. Mzee na kaka hii ya mbele. Tutakutana juu, nitawahesabu huko. Jamani, nina wageni wengine saa nane."

"Ya nyuma ni ya watumishi," nilisema, maana hata katika hasira mtu hasahau alichosoma. "Majumba yote ya wafalme yana ngazi za watumishi, ili wasikutane na wakubwa."

"Hapo umepata, mzee," Aliko alisema, na nadhani lilikuwa jambo la kwanza tulilokubaliana.

Ngazi ya mbele ina mbao nene na zulia jekundu. Tulipofika katikati nilisimama kupumua. Ukuta wa upande ule ni wa mbao zilizochongwa matundu matundu kama wavu, na nyuma yake ndiyo inapita ngazi ya nyuma. Felix alisimama pamoja nami. Aliko alikuwa ametangulia.

Nyuma ya mbao Pendo alikuwa anasoma kibao. "'Zana za kilimo za watumishi wa chifu.' Mama, mbona majembe saba tu?"

Na sauti nisiyoijua ikajibu. Ilikuwa sauti nzito kidogo, ya mtu asiye na haraka.

"Ameandika asiyejua. Hakuna mtumishi aliyepita hapa. Hii ni ngazi ya wakwe."

Felix alinitazama. Niliweka kidole mdomoni mwangu, anyamaze.

"Bibi yangu alifua nguo katika jumba hili," sauti iliendelea. "Chifu alikuwa na wakwe saba. Mkwe akiletwa, anapita huku nyuma, haonani naye. Siku chifu akiwa tayari kumfungua, analaza jembe kwenye kizingiti cha mlango mkubwa. Mkwe analiokota, anavuka. Basi, imekwisha. Wanasalimiana, wanakula pamoja, akitaka hata anamgombeza. Halafu jembe linatundikwa hapa, kuonyesha kwamba huyu hapiti tena huku."

"Kwa hiyo kila mmoja alipewa lake?" Tumpale aliuliza.

"Kila mmoja. Mama yangu hana jumba, lakini jembe alipewa. Analo mpaka leo, limelika limebaki kama kijiko."

"Na wewe lako liko wapi?"

Nilisikia mfuko wa plastiki ukisogea kwenye ubao.

"Sijapewa."

"Kwani Babu hana jembe?"

"Anayo manne."

"Sasa?"

"Babu yako alitoa hotuba," Gwalugano alisema. "Ilikuwa hotuba nzuri sana."

Pendo alicheka mpaka akakohoa. "Mama, si ungemwambia tu? Au ungemwambia Baba amwambie."

"Haliombwi, Pendo. Ukiliomba, umejinunulia mwenyewe. Na mpini wake—"

Hapo Aliko akapiga makofi kule juu. "Haya, haya! Wako wapi watu wangu? Hata mmoja sina!"

Nilipanda ngazi zilizobaki. Huko juu kuna kiti cha enzi chenye ngozi ya chui na mto wa mahameli. Sikukitazama. Nilikwenda mwenyewe kwenye kona nikatazama ukuta, bila kuambiwa.

"Watano," Aliko alisema. "Asante Mungu."

Tukaanza safari ya kurudi Mpemba. Nilikuwa na hasira, na sikujua niielekeze wapi. Miaka kumi na minne nimewaambia watu, kanisani, sokoni, msibani, kwamba mkwe wangu ni mkaidi. Nilimwambia hata Ketrina, na Ketrina alinitazama tu akaendelea kuchambua maharage. Yeye alijua? Bila shaka alijua. Wanawake wote walijua, wakakaa kimya kusubiri mtu mwenye vyeti vya darasa la jioni avumbue mwenyewe.

"Wewe ulijua?" nilimwuliza Felix kwa sauti ya chini.

"Nitajulia wapi, Baba? Nimekulia bweni. Ulinipeleka mwenyewe."

Ilikuwa kweli, na ilinikera zaidi.

Kisha nikakumbuka jambo. Mama yangu alikuwa na jembe lililochomekwa juu ya mlango, kwenye nyasi za paa. Halikulima kamwe. Nilipokuwa mdogo nililishusha nikachimbia panya, nikachapwa fimbo ambazo sikuzielewa. Baada ya kuchapwa nilimwona bibi yangu, mama wa baba, akilipangusa jembe lile kwa upindo wa nguo yake, kisha akamrudishia Mama mkononi kwa mikono miwili. Nimesoma mambo ya Warumi na mambo ya mvuke wa maji, nikalisahau jembe lililokuwa juu ya kichwa changu kila nilipotoka nje.

Tulipoingia Mpemba nilisema, "Simama pale kwenye duka la vifaa."

"Unataka soda, Baba? Soda zipo nyumbani."

"Simama."

Mwenye duka anaitwa Yesaya, namjua tangu alipokuwa anauza misumari Mlowo. Alinitazama nikipekua majembe yaliyolundikwa nyuma ya mabati.

"Mzee Zabron! Jembe mwezi wa saba? Unalima barabara?"

"Nionyeshe lenye chuma. Haya ni makaratasi."

"Hayo ndiyo yanayotoka, mzee."

"Kwako yanatoka kwa sababu yanakatika kila mwaka watu wanarudi." Niligonga moja kwa ukucha, jingine, jingine. La sita likalia vizuri. Nililichukua.

Wakati huo Felix alikuwa amewafikisha wengine nyumbani, maana ni hatua chache tu, lakini hawakuwa wameshuka. Gwalugano aliniona nikija kwa miguu, akabaki ndani ya gari, kitenge kimerudi kwenye nyusi. Nilipita bila kugeuka. Nilifungua mlango ule mmoja, nikaingia, nikainama, na kuinama kwangu siku hizi ni kazi, nikalaza jembe kwenye kizingiti. Kisha nikavuta kiti cha plastiki nikakaa katikati ya ule ukumbi mwembamba, uso mlangoni. Sikutoa hotuba.

Nilikaa. Felix alisimama uani na funguo mkononi. Tumpale alitaka kuingia kunywa maji, Pendo akamshika sketi. "Usivuke!" Jirani mmoja alichungulia juu ya ukuta, kisha akaja wa pili. Malori yalinguruma barabarani. Mgongo wangu ukaanza kuuma, nikafikiri: ikiwa mwanamke huyu amenisubiri miaka kumi na minne, na mimi atanikalisha hapa muda gani?

Mlango wa gari ukafunguliwa.

Alikuja polepole, ametazama chini. Alifika kizingitini, akapiga magoti, akaliokota jembe kwa mikono miwili. Aliligeuza. Alilipima uzito. Akaligonga kwa ukucha, kama nilivyofanya mimi. Kisha akaliinua mbele ya uso wake akachungulia kwenye tundu, na mle ndani ya tundu nikaona jicho lake likinitazama.

"Baba," alisema. "Mpini uko wapi?"

Neno la kwanza baada ya miaka kumi na minne, nalo ni lawama.

"Majembe ya dukani hayana mipini," nilisema. "Yanauzwa hivyo hivyo."

"Mpini hauuzwi. Baba mkwe anauchonga mwenyewe. Jembe bila mpini ni chuma tu, hata mwizi anaweza kulidondosha mlangoni."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nasema. Yule bwana akapiga makofi."

Nilimtazama. "Ulijua nipo pale?"

"Viatu vyako vinalia, Baba. Hata vikiwa kwenye mifuko."

Felix aligeuka upande akajifanya anakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekasirika, na nilikasirika vizuri, kama mtu anavyokasirika na mtu wa nyumbani kwake.

"Nitachonga na nini? Mpemba hapa kuna mti? Lami na malori tu."

"Kuna mpera nyuma ya nyumba."

"Mpera mbichi. Ukichongwa leo utapinda. Unatakiwa ukatwe, ukaushwe kivulini, wiki tatu au nne."

"Basi wiki nne," Gwalugano alisema. Alikuwa bado amepiga magoti upande wa nje wa kizingiti. "Mpini ukiwa tayari ndipo nitavuka kwa haki. Lakini chakula cha jioni hakiwezi kungoja mti ukauke, kwa hiyo leo napita. Baba ageuke ukutani kidogo."

"Nimechoka na kuta!"

"Basi afumbe macho."

Nikafumba. Nilisikia akipita karibu nami katika ule ukumbi, karibu kiasi kwamba kitenge kiligusa goti langu, na hakukimbia. Alipofika jikoni akasema kwa sauti, "Shikamoo, Baba."

"Marahaba," nilisema, nikiwa bado nimefumba.

Tumpale alinirukia mapajani na kiti kikalia. Pendo akaanza kumwuliza baba yake kama anampigia Raphaeli au hampigii. Felix alikuwa anatafuta panga nyuma ya ndoo, kwa ajili ya mpera. Alipolipata akaliweka chini ya kiti changu, akatoka kwenda kurudisha gari la watu.

Nilimwita kwa nguvu kabla hajawasha.

"Kwanza kageuze hicho kioo," nilimwambia. "Utagongwa."